Mwili Hauendi Hospitali kwa Vipande: Mafunzo 9 Niliyopata kwa Mapafu Yangu

Daktari aliyegundua ugonjwa wa mapafu yangu hakuanza na kifua. Alianza na salamu. Alikuwa kijana, umri wa wanafunzi wangu wa mwanzo mwanzo, na nilipoingia chumbani alinyanyuka, akasema, "Shikamoo, mwalimu," akanipa mkono. Nikaitikia marahaba, nikasubiri auachie mkono wangu. Hakuuachia. Aliugeuza juu chini, akajaribu kuifinya ngozi ya kidole cha kati kama mtu anayekagua kitambaa dukani, ngozi ikakataa kufinyika. Akauliza, "Vidole hivi huwa vinageuka rangi kukiwa na baridi?"

Wakati huo nilikuwa nimekohoa miezi 14. Nilikuwa nimepiga eksirei 2, nimemaliza dozi nzima ya kifua kikuu, nimebadilishiwa dawa za vidonda vya tumbo mara 3. Katika miezi yote hiyo hakuna aliyeniuliza habari za vidole, na mimi sikuwahi kuvitaja. Vidole na kikohozi, wapi na wapi?

Kumbe ni nyumba moja. Nina skleroderma, jina lililotoka kwenye Kigiriki, maana yake ngozi ngumu. Ni mmoja wa magonjwa ambayo kinga ya mwili humgeukia mwenyewe, ukoo mmoja na lupasi na baridi yabisi. Jina linataja ngozi, lakini kinachowaua wengi wenye ugonjwa huu ni mapafu: ama yanaingia makovu, ama mishipa yake ya damu inakaza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Njombe, si tabibu. Haya ni mambo niliyojifunza nikiwa upande wa pili wa meza ya daktari, na mengi nilijifunza kwa kuchelewa.

1. Mwili hauendi hospitali kwa vipande

Njombe ni baridi. Mwezi wa 6 na wa 7 ukungu hushuka mpaka mlangoni, na kila mtu analalamikia vidole. Kwa hiyo vyangu vilipoanza kuwa vyeupe kama chaki niliyoishika, kisha bluu, kisha vyekundu vyenye kuwaka maumivu, niliona ni hali ya hewa tu. Nikanunua glavu. Ilikuwa miaka 4 kabla ya kikohozi.

Mengine yakafuata, kila moja na maelezo yake. Vidole vilivimba asubuhi, pete ya ndoa ikabidi fundi aikate, nikasema nimenenepa. Kiungulia kilinikaba usiku. Nikaambiwa vidonda vya tumbo. Mdomo ukawa haufunguki vizuri, nikashindwa kung'ata hindi la kuchoma; nikalaumu meno. Kikohozi kilipokuja, nikalaumu vumbi la chaki.

Kila kipande nilikipeleka mlango wake. Dawa ya tumbo nilipewa chumba hiki, ya kifua chumba kile, na vidole sikuvipeleka popote. Daktari wa Ufaransa, Maurice Raynaud, alieleza kugeuka rangi huku kwa vidole tangu mwaka 1862, na hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Watu wengi wanayo bila ugonjwa wowote nyuma yake. Ila ikimwanza mtu ukubwani, ikafuatana na vidole kuvimba, kiungulia kisichoisha na pumzi kukata, hiyo si baridi tena. Ni mwili unaoita.

Siku hizi nikimwona daktari mpya, namweleza yote kwa dakika 2, hata yale yasiyonipeleka siku hiyo. Kazi ya kuamua kipi kinahusiana na kipi ni yake. Kazi yangu ni kutoficha kipande.

2. Kutafuta kifua kikuu kwanza ni sawa. Kubaki hapo ndilo kosa

Nchini kwetu mtu akikohoa wiki 2, anapimwa kifua kikuu. Ni utaratibu mzuri, na sitaki mtu asome habari zangu akaukimbia. Makohozi yangu yalipimwa kwa mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea, havikuonekana. Lakini eksirei ya pili ilikuwa na vivuli chini ya mapafu, kwa hiyo mwezi wa 11 mwaka 2022 nikaanzishiwa dawa. Miezi 6: mkojo wa rangi ya chungwa, safari za kliniki, na shangazi yangu kunitengea kikombe.

Kikohozi hakikutikisika. Uzito niliopoteza haukurudi. Kila nilipouliza nikaambiwa nivumilie, dozi ifike mwisho. Ilifika mwisho. Siku ya mwisho nikapanda kwenda shuleni nikisimama njiani mara 2.

Nimejifunza kuuliza maswali 2 bila ukali: "Vimelea vimeonekana, au tunatibu kivuli?" na "Nisipopata nafuu kufikia mwezi fulani, tutatafuta nini kingine?" Mtu asiache dawa za kifua kikuu kwa uamuzi wake; kuna watu wenye ugonjwa huo ambao makohozi yao hayaonyeshi kitu, na kuna wenye magonjwa yote mawili. Lakini dawa isiyofanya kazi nayo ni jibu la kipimo. Inasema: geuza njia.

3. Eksirei safi si mapafu safi

Eksirei yangu ya kwanza ilisomwa kuwa safi. Nilifurahi, nikanunua soda. Sasa najua kwamba makovu ya mapafu yakiwa machanga, eksirei inaweza isione kitu kabisa.

Kilichoyaona kwanza ni sikio. Daktari yule kijana aliweka kifaa chake mgongoni, chini kabisa, karibu na mbavu za mwisho, akaniambia nivute pumzi taratibu hadi mwisho. Akatabasamu kidogo, si kwa furaha, ni kama mtu aliyekuta alichokihisi. Akampa mume wangu naye asikilize. Mume wangu alisema ni kama mtu anayebandua ule mkanda wa kunata wa viatu vya watoto. Krr, krr, krr, mwisho wa kila pumzi. Kila aliyenipima kabla alikuwa ameweka kifaa juu, mbele, juu ya nguo.

Kipimo chenyewe ni CT skani ya mapafu yenye vipande vyembamba. Nilipigwa nikiwa chali, halafu nikaambiwa nilale kifudifudi nipigwe tena. Nilidhani wamekosea. Mtaalamu wa mionzi akanieleza: mtu akilala chali, sehemu ya chini ya mapafu hujikunja kwa uzito wake na kufanana na ugonjwa. Akigeuka, kilichokuwa uzito tu kinaondoka. Kilicho ugonjwa kinabaki pale pale.

Changu kilibaki. Majibu yaliandika mambo ambayo mtu wa Njombe hahitaji kutafsiriwa: kuna eneo linaloonekana kama kioo chenye ukungu, na kuna mistari ya makovu. Sega la nyuki halikuwepo. Ukungu wakati mwingine ni uvimbe unaoweza kutulizwa, wakati mwingine ni makovu membamba mno. Sega ni pafu lililokwisha kuharibika, lenye matundu matundu, hilo halirudi. "Tumekukuta kwenye ukungu," daktari alisema. "Tungekukuta mapema zaidi ingekuwa bora, lakini si haba."

Na hili niliambiwa baadaye: mgonjwa yeyote wa skleroderma anapaswa kupigwa CT skani ya mapafu mara anapogundulika, hata kama hakohoi. Miaka michache ya mwanzo ndiyo ambayo mapafu huharibika kwa kasi zaidi. Damu yangu ilionyesha kingamwili zinazoitwa Scl-70, ambazo mwenye nazo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata makovu hayo. Mimi miaka yangu ya mwanzo niliitumia kununua glavu.

4. Pumzi ina namba

Kabla ya hapo, pumzi yangu niliipima kwa nguzo za umeme. Kutoka kwangu hadi shuleni, mlima mtupu, kuna nguzo 11. Zamani nilizipita zote nikiongea. Mwaka 2022 nikawa nasimama ya 9. Kufika Agosti 2023 nilisimama ya 4, nikijifanya nafunga kamba za viatu.

Hospitalini kuna kipimo cha kupuliza. Unavuta hewa mpaka ujae, unafunga midomo kwenye mrija, unapuliza kwa nguvu mpaka hewa iishe. Mtaalamu anakupigia kelele kama shabiki uwanjani: "Puliza, puliza, puliza, usiachie!" Kiasi cha hewa uliyotoa kinalinganishwa na cha mtu wa umri, kimo na jinsia yako. Mara ya kwanza nilipata 54 kwa 100, na wote tukaogopa, mpaka yule dada wa mashine alipoona hewa inapenya pembeni. Mdomo wangu ulikuwa umekaza, haukuufunika mrija. Akatafuta mrija mwembamba zaidi. Ikawa 68.

Kipo kingine kinachopima jinsi gesi inavyovuka kutoka kwenye pafu kuingia kwenye damu. Mashine yake haipo kila hospitali, lakini huweza kushuka mapema, hata kabla ya ile namba ya kwanza. Na kipo cha kutembea dakika 6 kwenye ukumbi, huku wakihesabu mita na kuangalia oksijeni.

Namba moja peke yake haisemi mengi. Kinachosema ni mwendo wake. Ndiyo maana kipimo hurudiwa kila baada ya miezi michache, hasa mwanzoni, na ndiyo maana nataka nakala ya kila karatasi. Nguzo zangu sikuziacha, ila sasa nazo naziandika.

5. Kidole baridi ni shahidi wa uongo

Siku moja ya Julai nilikwenda kliniki asubuhi na mapema. Nesi akanibana kidole kwa ile mashine ndogo ya kupima oksijeni. Ikaandika 78. Akaita mwenzake, wakanivuta hadi kitandani, mtungi ukaja. Nami nilikuwa nimekaa tu nikiongea habari za mitihani.

Mashine ile husoma damu inayopita kwenye kidole. Kidole changu kikipatwa na baridi, damu haipiti. Walipopasha mkono kwa maji ya uvuguvugu, kisha wakaweka kifaa cha kwenye paji la uso, ikasoma 95.

Kuna upande wa pili wa uongo huo, nao ni mbaya zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi, mashine hizi zilishindwa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Yaani kwetu namba nzuri nayo inaweza kudanganya. Rangi ya kucha na piko navyo ni bora kuviondoa kabla ya kupimwa.

Basi mimi napasha mikono kwanza. Na naomba nipimwe baada ya kutembea, si nikiwa nimekaa tu. Mapafu yenye makovu yanaweza kusoma vizuri kwenye kiti, yakaanguka kwenye ngazi.

6. Dawa ya jirani inaweza kuwa sumu yako

Hili nalieleza kwa aibu. Jirani yangu ana pumu, na akibanwa hupewa prednisoloni, siku ya pili anaimba kwaya. Nami, kabla sijajua ninachoumwa, nilikwenda duka la dawa muhimu nikaomba "vile vidonge vidogo vya kifua". Muuzaji hakuuliza kitu. Nilimeza 30 mg kwa siku, siku 9. Nilijisikia mzima kama mkulima aliyevuna.

Nilipomsimulia daktari, hakunigombeza. Alinyamaza, akachukua mashine ya presha. Kwa mgonjwa wa skleroderma, prednisoloni ya kiwango kikubwa inaweza kuchochea figo kushindwa ghafla, presha ikipanda kwa siku chache tu. Nilinusurika kwa bahati. Tangu siku hiyo nina mashine ya presha nyumbani.

Wenye lupasi, au wenye ugonjwa wa misuli unaoingia mapafuni, prednisoloni inaweza kuwa ndiyo inayowaokoa. Mwenye baridi yabisi anaweza kunywa methotreksati miaka mingi kwa usalama, lakini mara chache dawa hiyo nayo huwasha mapafu. Magonjwa ni ndugu, lakini dawa hazigawanywi kama chumvi.

Mimi nilianzishiwa mikofenoleti, dawa ya kupunguza kinga. Kwa muda mrefu dawa iliyotegemewa ilikuwa siklofosfamidi, kali kwelikweli. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2016 ukazilinganisha kwa wagonjwa wa skleroderma, ikaonekana zinasaidia karibu sawa, ila mikofenoleti inavumilika zaidi. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha nintedanibi kwa mapafu ya ugonjwa huu. Yenyewe hupunguza kasi ya makovu. Mwaka 2021 ikafuata tosilizumabu. Nazitaja ili msomaji ajue kuna njia zaidi ya moja ya kumuuliza daktari wake. Bei yake ni hadithi nyingine. Na hakuna hata moja inayofuta kovu lililokwisha kukomaa. Zote zinajaribu kuzuia kovu jipya, ndiyo maana kuchelewa kunauma.

7. Dawa ya kupunguza kinga ina masharti kama mganga wa zamani

Kabla ya kidonge cha kwanza nilipimwa tena kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, homa ya ini na ujauzito. Walipima hata choo, kwa sababu kuna minyoo inayoweza kukaa mwilini miaka bila kelele, kinga ikishuka ikatapakaa. Niliona ni usumbufu. Sasa naona ni busara: huwezi kumpunguzia mlinzi silaha kabla hujakagua nani yumo uani.

Masharti mengine ni haya. Damu inapimwa mara kwa mara, kwa sababu dawa inaweza kushusha chembe nyeupe. Homa si jambo la kusubiri kesho. Chanjo zenye vimelea hai sichomi. Ya mafua na ya nimonia ndizo nilizoshauriwa. Na mikofenoleti huharibu mimba, kwa hiyo mwanamke anayeweza kuzaa lazima aongee habari za uzazi wa mpango waziwazi, na mumewe akiwepo ikiwezekana. Daktari wangu alishusha macho aliposema hilo, kwa heshima. Nikamwambia, "Sema tu, mwanangu. Mimi nafundisha uzazi darasa la 6."

Sharti gumu kuliko yote ni kutoruka dozi. Katikati ya mwaka 2024 dawa iliadimika, na kuifuata Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 700, kupitia Makambako, Iringa na mteremko wa Kitonga. Nauli ilikuwa ada ya mtoto. Nikajitungia hesabu: nikanywa nusu ili zifike mwisho wa muhula. Sikumwambia mtu. Kipimo cha kupuliza kilichokuwa 67 Machi kikawa 62 Septemba.

Daktari aliuliza swali moja tu: "Mama, dawa ulikuwa unakunywa zote?" Nikalia. Akaniambia kwamba angejua, angetafuta namna, angeandika barua, angeongea na mtu wa bima, angenipa nyingine ya kushikia. Namba 5 zile huenda zisirudi. Niliokoa nauli, nikalipa kwa pafu.

8. Mapafu hutunzwa jikoni na kitandani

Kiungulia changu hakikuwa vidonda vya tumbo. Koo la chakula nalo limekaza kama ngozi. Halisukumi vizuri, na mlango wake wa chini haufungi. Tindikali hupanda usiku, na matone yake yanaweza kuteleza hadi kwenye mapafu na kuyaunguza. Pamoja na omeprazoli, mume wangu aliweka tofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa. Mito mingi haifai, inakunja tumbo tu. Chakula cha jioni tunakula saa 12, wageni wakitushangaa.

Jikoni kulikuwa na kuni za miwati. Nimehamia gesi, na siku ambazo gesi imeisha, binti yangu anapika nje. Nilimuuliza daktari kuhusu chaki. Akasema haikunipa ugonjwa, ila vumbi lolote linakera mapafu yaliyochoka, nikapewa darasa lenye ubao wa kalamu. Vumbi la mawe ndilo lenye sifa mbaya zaidi: wachimbaji na wapasua kokoto wanaovuta vumbi la silika wamo kwenye hatari ya skleroderma yenyewe.

Baridi ninaikinga mwili mzima, si vidole tu. Fulana ya ndani yenye joto inasaidia vidole kuliko glavu. Na natembea kila siku. Nilidhani kupumzika kutatunza pumzi. Kumbe misuli ikilegea, pumzi kidogo iliyopo inatumika vibaya.

Jambo moja usilisahau: presha ya mkononi kuwa nzuri haina maana kwamba presha ndani ya mishipa ya mapafu ni nzuri. Hiyo ni nyingine kabisa, na mashine ya mkononi haiioni. Ndiyo maana kila mwaka napimwa moyo kwa eko, kipimo cha mawimbi ya sauti. Pumzi ikizidi kukata wakati ile namba ya kupuliza haijashuka, hapo ndipo pa kutazama kwanza.

9. Watu wa nyumbani nao wanahitaji majibu ya vipimo

Kidole changu cha shahada kilitoka kidonda kwenye ncha, kikakaa miezi. Kanisani watu wakaanza kuacha nafasi kwenye benchi. Kifua kikuu walikwisha kukisikia. Sasa wakanong'ona ukoma. Shangazi alikuja na kikombe chake kile kile.

Nilimketisha. "Kamwene, shangazi," nikamwamkia kwa Kibena, na nikamwonyesha karatasi. Hajui kusoma lugha ya hospitali, kwa hiyo nikampa mfano. Kijijini kuna mgambo. Kazi yake ni kukamata wezi. Usiku mmoja akachanganyikiwa, akawa anamkamata mwenye nyumba, anavunja milango, kisha anaziba matundu kwa saruji. Ngozi yangu ni ukuta uliozibwa. Mapafu yangu ni dirisha lililozibwa. Hakuna mwizi ndani yangu wa kuhamia kwako.

Alifikiri sana. Akauliza, "Sasa mgambo huyo hawezi kufukuzwa?"

"Ukimfukuza, wezi wa kweli wataingia. Tunampunguzia rungu tu."

Tangu hapo yeye ndiye anayenikumbusha dawa za jioni. Akija, kikombe anachukua chochote kilicho karibu.

Nina daftari la mistari, lile la shilingi chache la wanafunzi. Ukurasa wa kushoto naandika ya hospitali: kupuliza, damu, presha, eko. Wa kulia naandika yangu: rangi ya vidole, usiku wenye kiungulia, hindi nililoweza au kushindwa kung'ata, na nguzo. Nikienda kliniki daftari linatangulia mezani. Madaktari bingwa wa magonjwa haya ni wa kuhesabika nchini, na ninayemkuta leo si lazima awe niliyemkuta juzi. Mtu pekee aliyekuwepo kwenye vyumba vyote ni mimi.

Ukurasa wa mwisho una 63 upande wa kushoto. Kabla yake 63. Kabla yake 62. Upande wa kulia nimeandika nguzo ya 6, miezi 7 mfululizo. Zamani ningeona nimekwama. Sasa nikifika ya 6 nasimama, sifungi tena kamba za viatu kwa kuigiza. Watoto wanaonipita wanajua. Wananiamkia, wananiacha nivute pumzi, wanatangulia na madaftari yangu.